Jinsi ya kupima umbali kwenye picha: mto umeifuata nyumba, au nyumba imeufuata mto?

Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni kidogo. Nataka niwamegee somo ambalo mimi mwenyewe nilijifunza kwa shida, hapa hapa Morogoro, mji kasoro bahari. Somo lenyewe ni kupima umbali halisi wa ardhini kwa kutumia picha ya kawaida, hata ile ya zamani iliyobandikwa kwenye albamu. Huhitaji mashine. Unahitaji picha, tepu, kompyuta ya kafe na hesabu ya kugawanya. Kaa mkao wa kula.

KISA CHENYEWE

Nina shangazi yangu, mtu mzima sasa, anakaa jirani na mmoja wa mito inayoteremka kutoka Uluguru. Kiwanja alinunua mwaka 1994. Sasa baada ya zile mvua kubwa za msimu wa 2023/24, wakaja watu wa ofisi moja, wakapima kutoka ukingo wa mto hadi kona ya nyumba, wakapata mita 44. Wakachora X nyekundu ukutani. Sababu ni kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa, ziwa au bahari.

Sheria ipo na sina ugomvi nayo. Kilichomuuma shangazi ni neno moja aliloambiwa: "Mama, umeuvamia mto." Yeye akasema hapana, wakati ananunua alihesabu kwa miguu yake, hatua mia moja kamili kutoka alipoweka kona ya nyumba hadi majini. Wakacheka. Nani ana ushahidi wa hatua za mwaka 1994?

Ushahidi ulikuwepo, ila haukuwa wa 1994. Kwenye albamu tukakuta picha ya ubatizo wa binamu yangu, ina tarehe yake pembeni kwa maandishi ya rangi ya chungwa, mwaka 1999. Mpiga picha alipanda juu ya zege la ghorofa ya jirani iliyokuwa inajengwa ili awapate watu wote. Watu wako kushoto. Kulia inaonekana kona ya nyumba, uzio wa nguzo za zege ulionyooka kuelekea mtoni, halafu bustani ya mchicha, halafu ukingo wa mto. Nikajisemea: hapa kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Nikachukua rula, nikapima kwenye picha, nikapiga hesabu ya uwiano tuliyofundishwa sekondari. Nikapata mita 41. Maana yake hata mwaka 1999 nyumba ilikuwa ndani ya 60, tena mto ulikuwa karibu kuliko leo! Niseme ukweli, nilikaa na hiyo namba siku mbili bila kumwambia shangazi. Niliona aibu kwa niaba yake.

Kosa lilikuwa langu, wala halikuwa la shangazi. Na ndilo kosa ambalo karibu kila mtu anafanya anapopima kwenye picha.

KWA NINI RULA PEKE YAKE INADANGANYA

Nenda kwenye kivuko cha reli (kivuko tu, usiingie njiani kwenye treni). Tazama reli ya kati, ile ya mkoloni wa Kijerumani iliyofika Morogoro mwaka 1907. Upana kati ya vyuma viwili ni mita 1 kamili, kutoka Dar mpaka Kigoma. Reli mpya ya SGR, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro mwezi Juni 2024, upana wake ni milimita 1,435. Hazibadiliki njia nzima.

Lakini piga picha. Miguuni pako vyuma vimeachana, mbele vinabanana, mwisho vinakutana nukta moja. Mataruma ya karibu yana nafasi kubwa kati yake, ya mbali yamegandana kama kurasa za daftari. Kwa hiyo sentimita moja ya chini ya picha inaweza kuwa mita mbili za ardhini, na sentimita moja ya juu ikawa mita hamsini. Mimi nilipozigawanya zote sawa, niliukata umbali wa mto karibu nusu.

Picha basi inaharibu urefu. Inaharibu pia uwiano: kitu kilicho katikati ya viwili ardhini, kwenye picha hakikai katikati. Pembe nazo zinaharibika, maana kona ya mraba inaonekana imelala. Sasa kinachobaki ni nini?

Vinabaki viwili. Kwanza, mstari ulionyooka ardhini unabaki umenyooka kwenye picha. Pili, kuna namba moja inayotengenezwa na nukta nne zilizo kwenye mstari mmoja, ambayo haibadiliki hata ukipiga picha kutoka kushoto, kulia, juu ya mwembe au juu ya ghorofa. Namba hiyo tuiite uwiano mtambuka. Siyo uwiano wa kawaida, ni uwiano wa uwiano mbili. Uwiano mmoja mmoja unaharibika, lakini unaharibika kwa kiasi ambacho ukigawanya mmoja kwa mwingine, uharibifu unakatana.

Jambo hili siyo geni. Pappus wa Alexandria, pale Misri, aliliandika karibu miaka 1,700 iliyopita. Mfaransa Girard Desargues akalijengea jiometri nzima mwaka 1639, jiometri ya projeksheni, yaani jiometri ya vitu jinsi vinavyoangukia kwenye picha au kivuli. Na Mjerumani Albrecht Meydenbauer mwaka 1858 alikuwa anapima kanisa kuu la Wetzlar kwa kupanda juu, nusura aanguke. Akawaza: kwa nini nisipige picha nikapime nikiwa chini salama? Ndiyo mwanzo wa kazi yake kubwa ya kupima majengo kwa picha.

KANUNI MOJA TU, ISHIKE

Hii ndiyo ya kunakili kwenye daftari. Tuseme una mstari ulionyooka ardhini, na ardhi ni tambarare.

A ni mwanzo wa mstari (kwangu mimi, nguzo ya kwanza ya uzio, pale kona ya nyumba).
B ni kitu unachojua umbali wake halisi kutoka A.
X ni kitu unachotafuta umbali wake.
V ni nukta ya kutoweka, yaani pale mstari huo ungeishia kwenye picha kama ungeendelea mbele milele. Kama ni reli, ni pale vyuma vinapokutana.

Kwenye picha, pima kutoka A hadi B, uite b. Kutoka A hadi X, uite x. Kutoka A hadi V, uite v. Kisha:

umbali wa X = umbali wa B × [x ÷ (v − x)] ÷ [b ÷ (v − b)]

Basi. Angalia inavyofanya kazi: x ikikaribia v, sehemu ya (v − x) inakuwa ndogo sana, na umbali unaruka kuwa mkubwa. Ndiyo maana vitu vilivyo juu ya picha viko mbali kuliko macho yanavyodhani.

Swali: V naipataje kama hakuna reli? Njia ni mbili. Ya kwanza, tafuta mistari mingine inayokwenda sambamba na mstari wako (ukingo wa barabara, msingi wa nyumba, bati za paa), irefushe kwa rula mpaka ikutane na mstari wako. Ya pili, na ndiyo niliyotumia, ujue umbali wa vitu viwili badala ya kimoja. Tuseme B iko umbali D1 na C iko umbali D2, na kwenye picha ni b na c:

v = b × c × (D2 − D1) ÷ (D2 × b − D1 × c)

HATUA KWA HATUA, NA NAMBA ZANGU

1. Skani picha. Mwambie mtu wa kafe askani kwa ubora wa 600, siyo 100. Picha ndogo ya sentimita 10 kwa 15 itakupa pikseli takribani 2,400 kwa 3,500. Usikubali akuboreshee rangi wala "akunyooshee" chochote.

2. Fungua kwenye Paint. Ukipeleka mshale mahali popote, chini kushoto unasoma namba mbili. Ya kwanza ni ya kwenda kulia, ya pili ni ya kushuka chini. Kwa kuwa nukta zote ziko kwenye mstari mmoja, tumia namba ya pili peke yake, inatosha. Kumbuka Paint inahesabu kutoka juu, kwa hiyo kitu kilicho chini kina namba kubwa.

3. Soma chini ya nguzo pale inapogusa ardhi, siyo kichwani. Hili ni muhimu. Tunapima ardhi, siyo nguzo.

Zangu zilikuwa hivi: nguzo ya kwanza (A) 2640. Nguzo ya pili iliyobaki hadi leo (B) 2140. Nguzo ya mwisho ya uzio (C) 1940. Ukingo wa mto (X), baada ya kurefusha mstari wa uzio kwa kuukatiza kwenye bustani, 1815.

Kwa hiyo b = 2640 − 2140 = 500. c = 2640 − 1940 = 700. x = 2640 − 1815 = 825.

4. Nenda ukapime kwa tepu vile vilivyobaki. Nguzo B bado imesimama, mita 15 kutoka A. Nguzo C imevunjika, lakini kisiki chake cha zege kipo, mita 35 kutoka A.

5. Tafuta v. 500 × 700 × (35 − 15) = 7,000,000. Chini: 35 × 500 − 15 × 700 = 17,500 − 10,500 = 7,000. Gawanya, v = 1,000.

6. Tafuta mto. x ÷ (v − x) = 825 ÷ 175 = 4.714. b ÷ (v − b) = 500 ÷ 500 = 1. Kwa hiyo umbali = 15 × 4.714 = mita 70.7.

Mita sabini! Siyo 41. Nilirudia mara tatu pale kafe mpaka mshkaji wa kompyuta ya jirani akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

7. Jijaribu kabla hujashangilia. Kati ya B na C kulikuwa na nguzo nyingine, ipo mpaka leo, mita 25 kutoka A. Sikuitumia kwenye hesabu, niliiacha makusudi iwe mtihani. Kwenye picha iko pikseli 627 kutoka A. Kanuni inasema 15 × 627 ÷ 373 = mita 25.2. Tofauti na tepu ni sentimita 20 tu. Kama mtihani huu ungetoa 29 au 21, ningechana karatasi nikaanza upya.

8. Toa namba yako pamoja na kosa lake. Ukingo wa mto kwenye picha siyo mstari wa wembe, kuna majani. Nikiukosea kwa pikseli 5 juu au chini, na nguzo B nikiikosea kwa pikseli 3, jibu linacheza kati ya mita 67 na 75. Kwa hiyo sisemi "70.7" kama vile nimeshushiwa. Nasema takribani mita 70, na hata kwenye kona mbaya kabisa ya makosa hayo haishuki hadi 60.

Na zile hatua mia moja za shangazi? Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 70. Fanya mwenyewe hesabu.

UPEO WA MACHO: MTEGO WA SISI WATU WA MORO

Kuna njia nyingine rahisi zaidi kwa urefu wa kwenda juu, kama mti, ukuta au mnara. Kwenye ardhi tambarare, ukipiga picha umesimama, mstari wa upeo wa macho unakata kila kitu kwenye kimo kile kile: kimo cha kamera yako. Kama uliishika kamera kwenye jicho, mita 1.6 kutoka chini, basi upeo unakata watu, miti na kuta zote kwenye mita 1.6, iwe karibu au mbali. Mwembe ukiwa na pikseli 60 kutoka shinani hadi upeo, na pikseli 300 kutoka shinani hadi kileleni, mwembe huo ni mara tano ya 1.6, yaani mita 8. Ila usiinue wala kuinamisha kamera sana, vinginevyo hesabu inahitaji marekebisho.

Sasa mtego. Mtu wa Dar akisimama ufukweni anauona upeo, ni pale bahari inapokutana na mbingu. Sisi hatuna bahari. Tukitazama kusini tunaona mgongo wa Uluguru, na wengi wanadhani ndiyo upeo. Siyo! Mji uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Lupanga kinapita mita 2,100. Ule mgongo uko juu sana ya upeo halisi. Ukiutumia, mwembe wa mita 8 utakuja na kimo cha kichekesho.

Upeo halisi umejificha nyuma ya mlima, na unautafuta kwa mistari sambamba: chukua jengo refu la maduka, refusha mstari wa msingi na mstari wa paa. Vitakutana nukta moja, na nukta hiyo iko kwenye upeo. Fanya hivyo kwa ukuta wa pembeni unaoelekea upande mwingine, upate nukta ya pili. Unganisha nukta mbili, huo ndio upeo wako, ukipita katikati ya kifua cha mlima.

UWANJA WA MPIRA NI RULA KUBWA

Kama unataka kujifunza bila kusubiri kesi, nenda uwanjani. Goli lina upana wa mita 7.32 na mwamba uko mita 2.44 juu. Nukta ya penalti iko mita 11 kutoka mstari wa goli. Mstari wa kumi na nane uko mita 16.5, na boksi lote lina upana wa mita 40.32. Hivyo boksi lina kona nne unazozijua, na kona nne za uso mmoja tambarare zinatosha kuufungua uso mzima, siyo mstari mmoja tu. Ndiyo maana kwenye televisheni wanaweza kuchora mstari wa ofsaidi ambao kwenye picha umelala upande lakini uwanjani uko sambamba na mstari wa goli. Programu ya bure ya GIMP nayo ina kifaa cha kushika kona nne na kuzinyoosha ziwe mstatili, halafu unapima kwa rula ya kawaida.

Jaribu hili: piga picha ya ukuta wa faulo kutoka jukwaani, pima kama kweli wako mita 9.15 kutoka kwenye mpira. Utagundua waamuzi wana huruma.

WAPI NJIA HII INASHINDWA

Ardhi isiyo tambarare. Kanuni ya picha moja inadai vitu vyote viwe kwenye uso mmoja. Bustani ya shangazi ni tambarare mpaka ukingoni, ndiyo maana nilithubutu. Ukijaribu mashamba ya mteremkoni huko juu milimani, utapata namba nzuri na ya uongo. Mteremko unataka picha mbili au zaidi kutoka sehemu tofauti, kama macho mawili yanavyofanya. Ndivyo zinavyosomwa picha za ndege zinazopishana, na picha za aina hiyo za miaka ya 1950 ndizo zilizotumika baadaye, pamoja na za setilaiti, kuonyesha jinsi msitu wa Uluguru ulivyopungua. Mwaka 2008 sehemu kubwa ya msitu uliobaki ikatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Lenzi pana ya simu. Ile ya 0.5 inapinda mistari kando ya picha. Weka rula kwenye ukingo wa bati: ukiona umepinda, picha hiyo usiitumie.

Picha ya chini chini. Ukipiga ukiwa umechuchumaa, mita hamsini za mbali zinabanana kwenye pikseli chache na kosa linakuwa kubwa. Yule mpiga picha wa 1999 kupanda kwenye zege alitusaidia bila kujua.

Kitu kisichogusa ardhi. Ndege, taa, tawi la mti: huwezi kujua viko juu ya nukta gani ya ardhi.

WENZETU WANAOITUMIA

Kule Laetoli, eneo la Ngorongoro, nyayo za miaka milioni 3.66 zilizogunduliwa na timu yenye watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilipigwa picha nyingi kutoka pande zote, zikatengenezewa umbo kamili la kompyuta. Kwa vipimo vya nyayo hizo, utafiti wao uliotoka mwaka 2016 ulikadiria kimo cha mmoja wa watembeaji kuwa takribani sentimita 165. Mwaka huo huo wa 2016 Zanzibar ilianza mradi wa kuchora ramani ya visiwa kwa droni, ambapo kila picha inaunganishwa na nyingine kwa hesabu za ukoo huu huu. Na pale Dar, Chuo Kikuu cha Ardhi kinafundisha upimaji kama taaluma. Kwa hiyo vijana mnaosema hesabu hazina kazi Bongo, kazi ipo.

MASWALI AMBAYO NAYATARAJIA

Picha yangu imekatwa kando, je? Haina shida kwa kanuni ya mstari mmoja. Uwiano mtambuka haujali picha imekatwa au imekuzwa.

Sina skana, naweza kuipiga picha kwa simu ile picha ya karatasi? Unaweza, hata ukiishika simu upande kidogo, maana picha ya picha bado ni projeksheni. Ila karatasi iwe imelala bapa, isiwe imejikunja kama chapati.

Nimeipata kwa WhatsApp? Inapunguza pikseli, siyo uwiano. Kosa lako litakua, jibu halitahama. Omba itumwe kama dokumenti.

Je, ni ushahidi wa kisheria? Kwangu mimi haukuwa hukumu, ulikuwa ufunguo. Karatasi yenye hesabu, picha, vipimo vya tepu na kosa lake ilitosha kumfanya mpimaji mwenye leseni akubali kuja, na watu wa ofisi wakubali kukaa naye mezani. Ukienda na maneno matupu unarudi na maneno matupu.

MWISHO WA KISA, KWA SASA

Shauri bado linaendelea, sitaki kulisemea. X ipo ukutani mpaka leo. Lakini neno "umeuvamia mto" halitumiki tena mezani pale. Nyumba haikuufuata mto. Mto ndio umeifuata nyumba.

Ila wadau, hesabu haina upendeleo, na hiyo ndiyo sehemu ngumu niliyolazimika kumwambia shangazi. Ile 70 ukitoa 44 ya leo, inabaki kama 26. Kwa miaka 25 mto umekula mita 26 hivi za bustani, na majirani wanasema sehemu kubwa imekwenda msimu ule mmoja wa 2023/24. Picha ile ile iliyomsafisha jina ndiyo inayosema nyumba haiko salama. Mto ulioweza kufanya hivyo mara moja hauombi ruhusa mara ya pili.

Nilimweleza yote mawili, jioni, tumekaa barazani, mto unasikika. Alinyamaza muda, akaniuliza kitu kimoja tu: "Kwa hiyo hatua zangu zilikuwa za kweli?" Nikamwambia, ndiyo shangazi, zilikuwa za kweli. Akaitikia kwa kichwa. Kesho yake akaanza kuulizia bei za viwanja Kihonda.

Basi wadau, mwenye picha ya zamani ya nyumba, shamba au mpaka, asiitupe. Andika nyuma yake tarehe na mahali aliposimama mpiga picha. Na kama una mahali umekwama kwenye hesabu, weka namba zako hapo chini kwenye maoni, tutazipiga pamoja. Walimu wa hesabu mliopo humu, nikosoeni bila woga.

Nawasilisha.